Baba Dobrinka

Huku baba ni bibi.
Plamen, kijana wa duka la mkate, alinielekeza,
"Chumba kipo, kamuulize Baba,"
nikapanda ngazi kumtafuta mzee mwenye masharubu.
Akafungua Dobrinka, aproni ya maua,
na masharubu kidogo anayo, kusema kweli.

Nikamwonyesha kikaratasi cha Plamen: chumba kipo?
Akatikisa kichwa, kushoto, kulia.
Nikashukuru, nikajitwika begi, nikashuka.
Alinifuata na ndara mguu mmoja, akipaza sauti, Da! Da!
Kwetu Da ni dada. Nikageuka:
nani tena kanijua Lovech,
mji nilioletwa na mashine za kushona soksi?

Kumbe da ni ndiyo.
Na kutikisa kichwa ni ndiyo.
Na kukiinamisha, kule kuitikia kwa adabu
nilikofunzwa kwa kofi kabla sijajua kusoma,
ni hapana.
Shingo yangu ina miaka thelathini na nane kazini,
haijawahi kuitwa mwongo.

Nilikataa bakuli la pili la supu ya utumbo, akanijazia.
Niliitikia chai kwa kichwa, akaiondoa ikifuka mvuke.
Wiki ya pili nikashika somo,
naye wiki hiyohiyo akawa ameshika la kwangu,
akanigeuzia kichwa chake kwa huruma,
tukakosana upya,
kama wawili kwenye korido nyembamba
wanaopishana upande uleule, samahani, samahani.

Zile sura mitaani, nilidhani ni uchaguzi.
Kila mlango, kila nguzo ya umeme, kituo cha basi:
karatasi yenye picha, jina, tarehe.
Wagombea wazee hivi, nikawaza,
na hakuna hata mmoja aliyeahidi barabara.
Plamen alinisomea ya mlangoni petu.
Metodi. Fundi saa. Miaka kumi na moja hayupo.
Mvua ikiilowesha, Dobrinka hubandika nyingine,
huilaza kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni,
kama anayenyoosha kola ya mtu anayechelewa kazini.

Siku ya kumbukumbu alisimama kizingitini
na vikombe vya plastiki, ngano ya kuchemsha, sukari juu,
akimpa kila aliyepita.
Nilikula nimesimama. Hii ni hitima, nikajisemea,
imekosa mkeka tu.

Kwetu, baba yangu alipofariki,
mama aliishusha picha yake, akaiweka kabatini
chini ya shuka za wageni.
Arobaini ikapita, viti vya kukodi vikarudishwa,
na neno lile nikalikunja.
Nilisema "baba yangu", ndiyo, "marehemu baba",
kwenye fomu, kwenye kikao cha mirathi.
Kutaja si kuita.
Kuita ni kusimama ukumbini na kupaza
bila kujua kama yuko bafuni au nje,
halafu kungoja.

Miaka kumi na tisa.
Sasa nasimama kwenye korido inayonuka pilipili za kuchoma,
natafuta kiberiti, naita: Baba!
Na kuna anayeitika. Kazhi, anasema,
yaani nena, nakusikiliza.
Mara ya kwanza nilisahau nilichotaka.

Jana, akimenya viazi, akaniuliza:
Imash li baba? Una baba?
Alimaanisha bibi. Najua alimaanisha bibi.
Kichwa changu kikasogea,
sikuangalia kimeelekea wapi.
Akafuta mikono kwenye aproni,
akaniongezea supu.